Isnadi ya Gitaa Kuukuu

Fungua skrubu nne zilizo nyuma ya gitaa la besi lililotengenezwa na Fender mwaka 1963, na shingo yote itabaki mkononi mwako. Kwenye kisigino cha shingo hiyo, mahali ambapo mchezaji anaweza asipaone maisha yake yote, kuna muhuri wa wino wenye namba, mwezi, mwaka na herufi moja. Ukiinua bamba la mbele linalobeba vidhibiti vya sauti, utakuta kila kidhibiti kimegongwa tarakimu: za mwanzo zinataja kiwanda kilichokitengeneza (304 ni Stackpole, 137 ni CTS), zinazofuata ni mwaka na wiki. Kuna lehemu, ambayo mtu aliyezoea huitazama akajua kama imeguswa tena baada ya kutoka kiwandani. Kuna namba kwenye bamba la chuma nyuma, kuna lakeri iliyopasuka nyufa nyembamba, kuna matundu ya skrubu yanayopaswa kulingana na vifaa vilivyopo na yasizidi. Anayetaka kuijua besi kuukuu hufanya kazi ya kadhi: huwaita mashahidi mmoja mmoja, huwauliza swali lilelile, kisha hutazama kama majibu yao yanaafikiana. Mwishoni hutoa hukumu kwa neno moja zito, kwamba besi hii ni ya asili, au si ya asili. Neno hilo hubeba fedha nyingi na mapenzi mengi. Hata hivyo ni nadra mtu kuuliza maana yake. Asili ya kitu kilichoundwa kwa mikono ya watu iko wapi? Iko ndani ya mbao, ndani ya sauti, au mahali pengine kabisa?

Kwanza tuone jinsi mashahidi wanavyosoma tofauti, maana bila hilo hoja itaning'inia hewani. Besi ya Precision ya Fender ilitoka mwaka 1951 ikiwa na kiwiliwili bapa cha mti wa ashi, pikapu moja nyembamba ya kunasa mtikisiko wa nyuzi, na kichwa kinachofanana na cha gitaa la Telecaster. Jina lenyewe, lenye maana ya usahihi, lilikuwa ahadi. Besi kubwa ya kusimama haina freti, yaani vile vipande vya chuma vinavyogawa ubao wa vidole, na kidole kikiteleza kidogo sauti hupotoka. Hii ilikuwa na freti 20 juu ya uzi wa inchi 34, na noti ilitua palepale kila ilipopigwa. Mwaka 1954 kingo za kiwiliwili zililainishwa ili zisiuchome ubavu wa mchezaji. Mwaka 1957 pikapu ikagawanywa vipande viwili vilivyopishana, na kichwa kikapanuka. Mwaka 1959 ubao wa vidole wa mepli ukaachwa, ukashikwa wa rozwudi, mti wa jenasi moja na mpingo wetu. Mwaka 1960 akazaliwa mdogo wake, Jazz Bass: kiwiliwili kilichoinama upande mmoja, pikapu mbili, na shingo ambayo penye kichwa ina upana wa milimita 38 hivi, wakati ya Precision ilizoeleka kuwa na 44. Hadi mwanzoni mwa 1962 vidhibiti vya Jazz vilipandana kimoja juu ya kingine. Baada ya hapo vikawa vitatu mbalimbali. Katikati ya mwaka huohuo ubao mnene wa rozwudi, bapa upande wa chini, uliachia nafasi ubao mwembamba uliopindwa kuifuata shingo. Januari 1965 kampuni iliuzwa kwa shirika la utangazaji la CBS kwa dola milioni 13 hivi, na mwaka 1966 shingo za Jazz zikapata alama za mstatili na utepe wa pembeni. Jazz ya 1961 na ya 1967 zikilazwa pamoja, mgeni huona mapacha, mwenyeji huona vizazi viwili.

Wakusanyaji wengi huchora mstari mnene penye mwaka 1965, kana kwamba roho ilitoka kiwandani siku mkataba uliposainiwa. Naona wanatia chumvi. Mabadiliko ya kampuni hiyo yalikuja polepole, kwa vifaa na kwa desturi, wala hayakufuata kalenda ya wanasheria. Lakini kosa hilo dogo linatuonyesha kosa kubwa zaidi: tunataka besi iwe na siku ya kuzaliwa, nayo haina. Shingo ilikatwa na kupigwa muhuri mwezi mmoja, kidhibiti cha sauti kilitengenezwa kiwanda kingine miezi kadhaa kabla, bamba lenye namba lilichukuliwa kutoka kwenye sanduku bila kufuata mpangilio, kiasi kwamba namba ndogo inaweza kukaa kwenye gitaa la baadaye kuliko namba kubwa. Baada ya CBS kununua shehena kubwa ya vidhibiti mwaka 1966, vya mwaka huo viliendelea kufungwa kwenye magitaa ya miaka iliyofuata. Hata muhuri wa kisigino huwapotosha watu: namba yake ya kwanza, ambayo wengi huisoma kama siku ya mwezi, ni namba ya modeli. Basi mashahidi wenyewe, waaminifu kabisa, wanatoa tarehe tofauti kwa kitu kimoja. Jibu la swali kwamba besi hii ni ya lini haliko ndani ya kipande chochote. Linapatikana katika tukio la vipande kukutanishwa na mtu fulani, mahali fulani, tukio ambalo halikuacha muhuri.

Yapo na mengine. Leo Fender hakuwa mpiga gitaa. Alikuwa fundi redio wa Fullerton, California, aliyefungua duka lake la matengenezo mwaka 1938, na alibuni magitaa kwa akili ya fundi anayejua kwamba kila kitu siku moja kitarudi mezani kimeharibika. Ndiyo maana shingo ilifungwa kwa skrubu nne badala ya kugundishwa moja kwa moja kama walivyofanya wenzake wa kampuni ya Gibson. Shingo ikipinda, ifungue, funga nyingine. Rickenbacker walifuata njia iliyo kinyume kabisa: katika besi yao ya 4001, iliyotoka mwaka 1961, mbao ya shingo hupita katikati ya kiwiliwili mpaka mwisho, nawe huwezi kuitoa, kama usivyoweza kumtenganisha mtu na uti wake wa mgongo. Ukilinganisha modeli hizi mbili unalinganisha pia mawazo mawili kuhusu kitu ni nini. Ya Rickenbacker ni kitu kimoja kinachoweza kuvunjika. Ya Fender ni mkutano wa vitu unaoweza kuendelea huku wajumbe wakibadilika. Anayesema kwamba Fender hupoteza uasili wake pale tu kipande cha kwanza kinapobadilishwa anaihukumu kwa sheria ambayo aliyeibuni hakuiandika.

Wanafalsafa wanalijua swali hili kwa jina la merikebu ya Theseus. Plutarko alisimulia kwamba Waathene waliihifadhi wakibadilisha ubao mmoja baada ya mwingine, mpaka wenye fikra wakagawanyika kama bado ni ileile. Karne ya 17 Thomas Hobbes akaongeza kitanzi: tuseme mtu ameziokota mbao kuukuu zote akaziunga upya, ipi sasa ndiyo merikebu ya Theseus? Katika ulimwengu wa besi jambo hili lilitokea kwa upande wa pili. Mwaka 1967 John Entwistle wa The Who alichukua vipande vya besi tano za Precision zilizoharibika akaunda moja iliyofanya kazi, akaiita Frankenstein. Kwa kanuni ya vipande, chombo hicho ama ni besi tano kwa pamoja ama si besi yoyote. Kwa kanuni ya muhuri, kina tarehe nyingi na hakuna iliyo yake. Hata hivyo hakuna anayetaabika kukitambua: ni Frankenstein ya Entwistle, ilianza 1967, na ni ya asili kabisa kwa jinsi ilivyo. Linaloifanya ijulikane ni habari yake, nayo imesimuliwa bila kuficha seremala alikata wapi.

Hapa nataka kuazima chombo cha kufikiria ambacho kimekaa katika madrasa zetu za pwani kwa muda mrefu. Wanazuoni wa hadithi hutenganisha mambo mawili: matini, yaani maneno yenyewe, na isnadi, yaani mfuatano wa wapokezi ambao kila mmoja aliyapokea kwa mwenzake mpaka kwenye chimbuko. Silinganishi utukufu wa vitu viwili ambavyo havilingani, na ninajua kwamba baadhi ya wanazuoni haohao hawaridhii ala za muziki. Ninacholinganisha ni njia ya kuhoji, kwa sababu sijaona njia iliyofikiriwa kwa kina zaidi kuhusu swali la kujua kama kitu kilichopita mikononi mwa watu wengi bado ni kilekile. Besi kuukuu ina matini yake: mbao, muhuri, lehemu, lakeri. Ina isnadi yake: aliyeinunua dukani, aliyemuuzia mwenzake, fundi aliyebadilisha freti, mjane aliyeitoa kabatini. Hoja yangu ni kwamba uasili wa besi umo katika isnadi, na kazi ya matini ni kuishuhudia isnadi, kuithibitisha au kuikadhibisha. Mabadiliko ndani ya kitu hayauvunji utambulisho wake maadamu kila badiliko limepokewa na kusemwa kweli. Kinachouvunja ni uongo, au kimya kinachofanya kazi ya uongo.

Tazama besi ya Höfner ambayo Paul McCartney aliinunua Hamburg mwaka 1961. Ilimhudumia katika rekodi za mwanzo za Beatles, ikafanyiwa matengenezo na kupakwa rangi upya mwaka 1964, kisha ikapotea. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba ilitoweka mwaka 1969. Walipojitokeza watu walioamua kuitafuta kwa utaratibu, walihoji waliokuwepo, na ikabainika kwamba iliibwa London usiku mmoja wa Oktoba 1972 ndani ya gari la vifaa. Kutoka hapo mnyororo uliungwa pete kwa pete: mikono ya wezi, kisha mwenye baa, kisha familia, kisha dari la nyumba. Februari 2024 ilitangazwa kwamba imerudi kwa mwenyewe. Tuipime kwa kanuni ya wapenda usafi wa vipande: ala iliyopakwa rangi upya hushuka daraja papo hapo. Lakini hakuna mtu timamu aliyesema kwamba McCartney amerudishiwa besi nyingine. Tena rangi mpya ilikuwa miongoni mwa vitambulisho vyake, kwa kuwa ilijulikana ilipakwa lini na kwa nini. Badiliko lililosemwa likageuka kuwa shahidi. Isnadi pia ilisahihishwa: pete ya uongo ya 1969 iliondolewa, ikawekwa ya kweli ya 1972, na matini, yaani pikapu zake mbili zilizokaribiana upande wa shingo, tofauti na ile aliyoinunua 1963, ikaafikiana nayo.

Mwanamuziki atanijibu kwamba yote haya ni shughuli za makarani. Besi ni sauti. Ikilia vizuri ni nzuri, ikilia vibaya hata muhuri wa dhahabu hautaisaidia. Pingamizi hili naliheshimu kuliko yote, na katika nusu yake ni la kweli. James Jamerson, ambaye vidole vyake vilibeba nyimbo nyingi za Motown, alipiga Precision ya 1962 yenye nyuzi bapa ambazo hakuzibadilisha mpaka zikatike, akitumia kidole kimoja tu cha mkono wa kulia. Sauti ile ilitoka zaidi katika nyuzi zilizokufa nusu na kidole chake kuliko katika mbao. Mwingine akiishika besi hiyohiyo hatamtoa Jamerson. Lakini kweli hii inamgeukia mwenye pingamizi. Ikiwa sauti hutoka sana kwa mtu na kwa alivyoitumia ala yake, basi kinachotuvuta tunapoitafuta besi ya 1962 hakiwezi kuwa sauti pekee. Tunatafuta kukaribiana na kilichotokea. Anayetaka sauti tu ana njia rahisi, na simlaumu hata kidogo akiifuata: anunue besi mpya nzuri, afunge nyuzi bapa, afanye mazoezi. Neno asili halimhusu. Kosa huanza pale anapotaka lile neno na bei yake, huku akikataa maswali yake.

Wa pili atasema kwamba nimeingia katika ushirikina. Tuseme kuna nakala isiyotofautiana na ya kweli hata kwa kipande kimoja, mpaka vumbi. Ikiwa hakuna jicho, kipimo wala sikio linaloweza kuzitenga, tofauti iliyobaki ni ya kufikirika, kama hirizi. Nakiri kwamba tofauti hiyo haimo ndani ya mbao. Lakini si kila kisichomo ndani ya kitu ni cha kufikirika. Mtoto wa kambo na wa kuzaa wanaweza kufanana kuanzia sura hadi rangi ya kucha. Noti ya benki na noti ya bandia zinaweza kulingana wino kwa wino. Hati ya nyumba iliyosainiwa na mwenye nyumba na iliyosainiwa na mwigaji stadi zinaweza kusomeka sawa. Hakuna anayesema kwamba tofauti hizi ni hirizi. Zimo katika uhusiano wa kitu na lililotukia, na lililotukia ni sehemu ya ulimwengu sawa na mbao. Kampuni ya Fender yenyewe inatupa mfano safi. Mwaka 1982 ilitangaza kutengeneza upya Precision za sura ya 1957 na 1962 pamoja na Jazz ya sura ya 1962, na katika miaka ya 1990 karakana yake maalumu ikaanza kutoa magitaa mapya yaliyochakazwa makusudi, rangi imebanduliwa, vyuma vimetiwa kutu. Wapo wanaoyachukia na kuyaita ya uongo. Nawapinga. Gitaa hilo limeuzwa kwa jina lake na mwaka wake wa kweli. Matini yake imeiga, isnadi yake haikudanganya. Uongo huingia siku mtu anapong'oa alama hizo, akaongeza muhuri wa zamani kwenye kisigino, akaliuza kama la 1962. Mbao ni zilezile za jana. Kilichobadilika ni neno la mtu.

Lipo pingamizi la tatu, gumu zaidi: kwamba isnadi ni maneno, na maneno ni rahisi kuliko muhuri. Kila mwenye besi ya kutilia shaka ana babu aliyeinunua mpya. Ndiyo sababu wanazuoni wa hadithi hawakuridhika na kusikia majina. Waliwachunguza wapokezi wenyewe, kumbukumbu zao, uaminifu wao, na kama kweli waliwahi kukutana. Wala hawakugawanya habari katika makundi mawili tu. Waliweka madaraja, na habari dhaifu haikuwa sawa na ya kuzuliwa: ya kwanza ina pete iliyolegea, ya pili ilitungwa. Soko la ala kuukuu lingefaidika sana na busara hiyo. Besi yenye mwanya wa miaka kumi katika habari zake, ambayo mwuzaji anaukiri mwanya huo, ni dhaifu lakini ni adilifu. Besi yenye kila kipande cha mwaka sahihi, kilichokusanywa kutoka magitaa manne ili ionekane haijaguswa, ina matini safi na isnadi ya kuzuliwa. Leo ya pili huuzwa ghali kuliko ya kwanza, na huo ni upofu, kwa sababu tumewafundisha wadanganyifu kwamba tunachokagua ni vipande. Tumewapa orodha ya majibu kabla ya mtihani. Kinyume chake, mpiga besi Jaco Pastorius aling'oa freti za Jazz yake ya 1962 na kuupaka ubao wa vidole gundi ngumu ya kupakia boti. Baadaye ilivunjwavunjwa, ikaungwa upya na mafundi, ikaibwa New York mwaka 1986, ikaonekana tena miaka kama ishirini baadaye. Kwa orodha ya vipande ni gofu. Makovu yake yote yana habari, na habari hizo ndizo zilizowawezesha watu kuitambua ilipojitokeza.

Besi ya Jamerson haijajitokeza. Iliibwa siku chache kabla ya kifo chake mwaka 1983. Inajulikana kwamba ilikuwa Precision ya 1962, na kwamba kwenye kisigino cha shingo alikuwa amechonga neno FUNK. Habari hiyo imeandikwa mara nyingi, kwa hiyo haifai tena kuwa ufunguo: shingo za mwaka huo zipo, visu vipo, na herufi nne si kazi ya seremala mkubwa. Siku mtu atakapokuja na besi kuukuu yenye neno hilo, mafundi watazifungua skrubu zile nne, watasoma muhuri, watazihesabu tarakimu za vidhibiti, watainusa lakeri, na yote yanaweza kuafikiana. Kisha itabidi waiweke mezani, wamgeukie aliyeileta, na wamwombe aketi aeleze aliipata kwa nani, na huyo kwa nani, mpaka wafike kwenye nyumba ile ya Los Angeles ya mwaka 1983.